Boksi la kwanza la kujiundia: fazi ya gerimani, kelele za 40106 au mwangwi wa PT2399?

Nyuzi_Sita (Temeke)
Wakuu, habari za leo. Napiga gitaa na nimechoka kutamani pedali za dukani. Chuma cha kulehemu ninacho, mita ninayo, na jirani kanipa redio tatu mbovu za zamani. Moja nimeifungua nikakuta transista mbili za AC128! Mwezi huu nataka kuunda kitu kimoja tu: fazi (pedali ya kukwaruza sauti) ya transista mbili kama ile aliyokuwa akiikanyaga mpiga gitaa Hendrix, boksi la kelele la chipu ya 40106, au mwangwi wa chipu ya PT2399. Lipi linamfaa anayeanza, na lipi litaniliza?

FundiKoko
Mkuu, ukishaona AC128 mikono lazima iwashe, naelewa. Lakini Fuzz Face, hiyo fazi ya Hendrix, ilizaliwa London mwaka 1966, na wewe uko Temeke. AC128 ni transista ya gerimani, na gerimani huvujisha mkondo; joto likipanda uvujaji nao unapanda.

Yangu niliiunda Desemba. Asubuhi kolekta (mguu wa kutolea) ya transista ya pili ilisoma volti 4.5, ndivyo inavyotakiwa kwa betri ya 9. Saa nane mchana chini ya bati ikawa imeshapita 6, na noti zinakatika kama mtu mwenye kwikwi. Ukiibana transista kwa vidole viwili unasikia sauti ikibadilika hapohapo. Dawa niliyotumia: toa rezista ya kilo-om 8.2 inayolisha kolekta hiyo, weka volyumu ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi. Inasaidia, ila kila ukibadilisha ukumbi unarudi kwenye bisibisi.

Halafu AC128 ni PNP, aina ya transista inayotaka umeme kinyume na NPN. Katika mchoro wa asili chanya ndiyo inakwenda kwenye ardhi ya saketi, kwa hiyo usiichomeke kwenye adapta moja na pedali nyingine.

Mkaa_Kisauni
Mombasa hapa, joto ni lilelile. Mimi nilikwenda kwenye transista za silikoni, BC108 mbili, na bias (ile volti ya kolekta) haijanisumbua. Kero yake ni nyingine: inakuza mno, waya mrefu unageuka aerieli. Usiku mmoja nimeacha gitaa kwenye stendi, amplifaya ikaanza kusoma taarifa ya habari! Nimelehemu kapasita ya pikofaradi 100 kati ya miguu ya transista, besi (wa kuingilia) na kolekta, mtangazaji akanyamaza.

Lakini kama ndiyo kwanza unaanza, dada yako nakwambia 40106. Ndani ina vigeuzi sita, yaani milango inayogeuza volti ya juu kuwa ya chini, na kila kimoja ni osileta (kinatoa mlio chenyewe) ukikipa rezista moja na kapasita moja. Kilo-om 100 na nanofaradi 100 zinakupa kama hezi 100 hivi, jirani na waya wa tano wa gitaa. Badala ya rezista weka kihisi mwanga, upungie mkono juu yake. Watoto wangu hawakulala siku hiyo.

Bati_Tupu
Sasa hiyo ni muziki au king'ora? Kaomba kitu cha gitaa.

Mkaa_Kisauni
@Bati_Tupu Konono N°1 wa Kinshasa walitengeneza maikrofoni za likembe (kinanda cha vidole gumba) kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu. Ungekuwepo ungewaambia nao wanapiga king'ora.

MzeeWaMikseta
Vijana msigombane. PT2399 mnaijua bila kujua: ni chipu ya kazi za karaoke, na amplifaya nyingi za bei nafuu zenye kitufe cha mwangwi zimeibeba. Mimi hutoa kwenye mabovu. Inataka volti 5, kwa hiyo tanguliza 7805, chipu ya kushusha volti hadi 5, baada ya betri. Mwangwi mfupi unatoka safi. Ukiuvuta kuelekea milisekunde 340 unaanza kuchafuka, na mimi uchafu ule naupenda. Ila vipuri vinavyoizunguka ni vingi, na kwa anayeanza kosa moja kulitafuta ni jioni nzima. Iwe ya tatu.

Mkaa_Kisauni
Nimesahau, na hili lilinigharimu. Niliomba 40106 dukani nikapewa 74HC14, "ni ileile." Miguu kweli imepangwa sawa, lakini 74HC14 mwisho wake ni volti 6. Niliipa 9, nikasikia harufu kabla ya sauti. Soma maandishi mgongoni mwa chipu kabla hujalipa. Na milango usiyoitumia, mguu wa kuingilia uunge kwenye hasi, usiuache unaning'inia.

FundiKoko
Naunga mkono, 40106 kwanza. Ila usiitoe moja kwa moja kwenye amplifaya, inatema karibu volti 9 nzima. Pitisha kwenye rezista ya kilo-om 100, kisha volyumu ya kilo-om 10.

Nyuzi_Sita (Temeke)
Basi Jumamosi naingia Kariakoo na miwani ya kusomea. AC128 nazifungia kwenye kopo hadi kipupwe. Swali: nikichomeka gitaa kwenye mlango mmojawapo wa 40106 itakuwaje?

Mkaa_Kisauni
Gitaa peke yake ni dogo mno, mlango hautalisikia. Likuze kwanza kwa transista moja, lisukume kweli. Litatoka wimbi la mraba mtupu, bovu, tamu. Weka picha ya bodi kabla hujawasha.