Mnaouza klaudi binafsi, acheni kutupimia storeji kwa dd, huu ni upigaji

Wakuu kwema? Nina hasira na nitaandika marefu, wa kusoma asome.

Hivi nani aliwaambia hawa jamaa wanaojiita mainjinia wa klaudi kwamba kupima storeji ni kurun dd if=/dev/zero (amri ya Linux, hapo inaandika sifuri tupu), unapiga skrinshoti unabandika kwenye ripoti, kazi imeisha? Kuna kampuni hapa Dar (jina silitaji, wenyewe wanajijua) imetufungia klaudi binafsi (klaudi ya seva zetu wenyewe) ofisini, seva tatu, Proxmox juu (inaendesha VM, yaani kompyuta pepe ndani ya seva) Ceph chini (inaunganisha diski za seva zote ziwe storeji moja na kuweka nakala za data kwenye seva tofauti), kila seva ina SSD nne za TB 2. Siku ya makabidhiano wakaja na ripoti ina rangi na grafu, imeandikwa spidi ya kuandika MB 950 kwa sekunde. Bosi kasaini, hela imetoka.

Sasa swichi waliyotufungia ni ya giga moja. Giga MOJA wakuu. Gawanya kwa nane unapata MB 125 kwa sekunde, hapo hujatoa za paketi zenyewe, ukitoa unabaki na 110 na kitu. Na Ceph haikwambii imeshaandika mpaka nakala zote ziwe zimefika, OSD (programu ya Ceph inayosimamia diski moja) ya kwanza inapokea halafu yenyewe ndo inawatumia wenzake, na sisi yote hayo yanapita kebo hiyohiyo moja. Sasa hiyo 950 ilipita wapi? Ilipita kwenye RAM, haikwenda popote. Walirun dd ndani ya VM bila oflag=direct, bila fsync (za kuilazimisha data iende diski kweli), faili la GB 1, na diski ya VM imewekwa writeback (inajibu "tayari" data ikiwa bado kwenye RAM), yaani walipima RAM inavyojazwa sifuri basi. Ni kama kuipandisha bodaboda stendi ya kati, unavuta mafuta tairi linazunguka hewani, mita inasoma 120, unamwambia mteja hii Morogoro unafika kwa saa moja na nusu.

Mwisho wa mwezi ulipofika ndo tukaona rangi zao. Mfumo wa mahesabu upo kwenye PostgreSQL (hifadhidata), kila muamala lazima usubiri diski iseme imeandika, watu dirishani wanasubiri, keshia anabonyeza anaangalia kaduara kanazunguka, simu zote zinakuja kwangu. Nikakaa usiku nikarun fio (programu ya kupima diski) vizuri, direct=1, sync=1, bs=4k, iodepth=1 (yaani inaandika KB 4 moja moja, kila moja inasubiri diski ijibu), ikaja latensi (muda wa kusubiri jibu) kama milisekunde 5. Piga hesabu mwenyewe, sekunde ina milisekunde 1000, kwa hiyo ni maandishi 200 kwa sekunde, mara KB 4 unapata KB 800. Ripoti inasema MB 950, mimi naona KB 800!!

Kufungua seva nakuta SSD ni zile za laptop. Sio kwamba ni feki, kwenye laptop ziko poa tu, ila hazina kapasita za kulinda data umeme ukikatika, kwa hiyo Ceph ikidai fsync (na inadai kila saa) diski inalazimika kushusha data mpaka kwenye chipu zenyewe ndo ijibu, wakati ile ya datasenta yenye kapasita inajibu ikiwa bado kwenye RAM yake ya ndani maana hata umeme ukizima ina muda wa kumalizia. Ndo maana diski mbili kwenye boksi zote zimeandikwa spidi kubwa, ukizipima kwa sync, moja inatoa maandishi mia kadhaa kwa sekunde, nyingine makumi elfu. Na hizi za laptop zina ka-eneo ka mwanzo kenye spidi, kakijaa zinadondoka, sasa mtu anayepima sekunde kumi ataona zikidondoka saa ngapi?

Subirini, bado. Kwenye kotesheni waliandika TB 24. Ceph kwa kawaida inaweka nakala tatu, 24 gawa tatu ni 8, na ikifika asilimia 85 inaanza kulia, 95 inagoma kabisa kuandika, kwa hiyo ya kutumia kwa amani ni kama TB 6.8. Bosi alipohoji mbona ndogo unajua walifanyaje? Wakaingia kimyakimya wakaweka size=2 (nakala mbili badala ya tatu) na min_size=1 (ikibaki moja iendelee tu). Kwa asiyejua, hapo diski moja ikifa klasta (seva zote kwa pamoja) inaendelea kupokea data ikiwa na nakala moja tu, na hiyo moja ikifa kabla haijanakiliwa ndo basi tena, data ya wateja imekwenda. Hapa mjini umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo, mtu anakuwekea hivyo kwenye mfumo wa pesa ili namba ipendeze tu kwenye skrini!

Nikampigia fundi wao, ananiambia "kaka Ceph ndo ilivyo, ongezeni nodi mbili itakaa sawa". Nodi (yaani seva) mbili za kazi gani? Ukiongeza nodi VM nyingi zinaweza kuandika kwa pamoja zaidi, sawa, ila muamala mmoja bado utasubiri diski ileile ya laptop na swichi ileile. Na msiisingizie Ceph, CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, wamejaza mapetabaiti humo. Tatizo ni nyie mnaofunga bila kusoma hata ukurasa wa mahitaji ya hadiwea.

Kupima sio siri. Unaanza na diski moja kabla hujanunua zote, unaipiga fio ya sync. Unarun iperf3 kati ya seva na seva ujue kebo inapitisha ngapi. Unakuja rados bench (kipimo cha Ceph yenyewe), halafu fio ndani ya VM kadhaa kwa mpigo, data iwe kubwa kuliko RAM na ikimbie muda wa kutosha diski zichoke. Halafu kipimo chenyewe ambacho hawa watu hawataki hata kukisikia, katikati ya mzigo unachomoa diski moja, unaangalia latensi inapaa mpaka wapi wakati klasta inajitibu. Kwa giga moja kurudisha diski ya TB 2 iliyojaa ni karibu saa tano hata kebo ikiwa haina kazi nyingine, na mchana haipo hivyo.

Wiki ijayo tunakaa nao kikao, wanakuja na kotesheni ya hizo nodi mbili. Mwenye klasta ya nodi tatu, SSD zenye kapasita na netiweki ya giga 10, naomba utupie hapa namba zako za bs=4k iodepth=1 na sync, niende nazo nimeprinti kabisa. Za dd msiniletee.