Mrejesho: mwanafunzi wangu wa Kijapani aliyeanza sifuri

Wakuu, niliomba ushauri: kijana wa duka la spea Kariakoo, asiyejua hata neno moja la Kijapani, nimwanzishe kwa herufi zetu hizi au moja kwa moja kwa hiragana, yaani herufi za silabi za Kijapani? Wengi mlisema hiragana. Nimefuata, na nawashukuru sana.

Herufi 46 za msingi zimemkaa. Matamshi hayakuwa kazi, maana a, i, u, e, o anazo tayari, na silabi nyingi huishia na irabu kama zetu. Kilichomsumbua ni ぬ (nu) na め (me). Nikamwambia aangalie mkia tu: ぬ inamalizia kwa kitanzi, め haina. Tangu hapo hazichanganyi.

Sarufi ndiyo ngumu. Kitenzi kinakaa mwisho, na ukanushi unakuja mwisho kabisa. Hapo magari yametuokoa. Mnaijua ile sauti ya dada ukiwasha gari lililotoka Japani: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen", yaani kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Ameisikia miaka yote. Nilipomwonyesha kwamba ile "-masen" ya mwishoni inafanya kazi ya "ha-" yetu ya mwanzoni, akaanza kutunga mwenyewe: wakarimasen (haelewi), tabemasen (hali chakula), ikimasen (haendi). Nilifurahi mno!

Sasa tuko kwenye katakana, herufi za silabi zinazotumika hasa kwa maneno ya kigeni, kwa kuwa majina mengi ya spea kwenye maboksi yameandikwa hivyo. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, bado. Anataka kufanya mtihani wa JLPT, ule wa kupima ujuzi wa Kijapani, ngazi ya N5, ile ya chini kabisa. Mwenye mazoezi mazuri ya kusikiliza ya ngazi hiyo, naomba anielekeze.