Tupeane uzoefu: bwate (gia boksi) otomatiki za jeep za familia kwenye milima ya Bukavu

Mzee wa Nguba (mwenye mada)

Wapendwa, habari za siku. Natafuta jeep ya familia, na kila nikitaja jambo hili napewa majibu mawili tu. Wa kwanza ananiambia, "Chukua Nissan X-Trail, bei yake ni nzuri." Wa pili anashika kichwa, "X-Trail? Bwate yake itakufa kabla hujamaliza deni." Nikiwauliza kama wamewahi kuwa nayo, wote kimya.

Nina watoto watano, mama mkwe anakuja likizo, na nyumba iko chini karibu na ziwa wakati kazi iko Kadutu. Maana yake kila asubuhi ni kupanda, na foleni juu yake. Miaka yote nimeendesha Prado ya bwate ya mkono. Mama watoto anasema yeye amechoka kukanyaga klachi pale mtaa wa Essence saa kumi na moja jioni, na ukweli ni kwamba ana haki.

Basi naomba wenye magari haya watuambie yaliyowapata wenyewe: gari gani, ya mwaka gani, dalili ilianzaje, fundi alisema nini, na mwisho ugonjwa ulikuwa nini hasa. Bei tuziweke kwa dola kama kawaida yetu. Majina ya magaraji na wauzaji tuyaache, hatutaki kesi. "Nimesikia" nayo ipumzike leo.

Yaya wa Bagira

Mzee, miye niko na RAV4 ya 2002, volani (usukani) ya kushoto, ile iliyotengenezewa soko la Marekani. Ilianza kupiga teke ikitoka vitesi (gia) ya kwanza kwenda ya pili. Asubuhi ikiwa baridi inatulia, ikishapata moto inaanza. Watoto nyuma walikuwa wanacheka, wanasema mama gari imeshikwa na kwikwi.

Fundi aliendesha mzunguko mmoja tu, akashuka, akasema: "Bwate imekufa, mama. Leta nyingine." Tukaagiza ya okazyoni (iliyotumika) Kampala, pale soko la vipuri la Kisekka, dola 650 pamoja na usafiri, na yeye akachukua 150 za kazi. Ikafungwa. Wiki haikuisha, teke lilelile, pahali palepale.

Nikampelekea fundi wa umeme. Huyu hakugusa bwate kabisa. Alitoa kompyuta ya injini nyuma ya kisanduku cha abiria, akaifungua kwenye meza yake, akaniita nichungulie kwa kioo cha kukuzia. Nikaona mwenyewe: lisasi (madini ya kuchomelea) iliyounganisha miguu ya vipande fulani imepasuka, nyufa nyembamba kabisa. Akaziunganisha upya na chuma chake cha moto. Dola 60. Tangu siku ile haijapiga teke.

Ndiyo akaniambia ugonjwa huu unajulikana: Toyota ya Marekani iliongeza garanti ya kompyuta hiyo kwa RAV4 za 2001 mpaka 2003, miaka 10 au maili 150,000. Kompyuta ndiyo inaamuru bwate ibadilishe lini na kwa nguvu gani, kwa hiyo ikiharibika, bwate nzima inaonekana mgonjwa.

Bwate yangu ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilibaki kwa yule fundi. Nikiuliza, ananiambia ni chuma chakavu. Aliiuza kwa nani, Mungu ndiye anajua.

Mwalimu wa Mbobero

Yaya, pole sana. Hiyo bwate ilipata mnunuzi, tena kwa bei ya nzima.

Fundi Mstaafu

Yaya ameongea jambo la maana na nitaongeza kidogo tu: mwenye RAV4 hiyo asikae na teke miezi na miezi. Kompyuta ikiendelea kuamuru vibaya, mwishowe inaua bwate kweli, na hapo utalipia vyote viwili.

Sasa X-Trail. Watu wanasema "X-Trail" kana kwamba ni gari moja. Ya kwanza, T30, iliyoanza mwaka 2000, ikiwa otomatiki ina bwate ya gia nne, ya kawaida kabisa. Ya pili, T31, ya 2007 mpaka 2013, ikiwa ya esansi (petroli) na otomatiki, ndani yake ni CVT ya Jatco, kampuni ya Kijapani ya bwate. Ya mazuti (dizeli) ya kizazi hicho ina otomatiki ya gia sita. Kwa hiyo mtu akikuambia "ya X-Trail inakufa", muulize kwanza ipi.

CVT haina gia za kupanda moja moja. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na katikati mkanda wa chuma uliopangwa vipande vingi vyembamba. Fikiria mkanda wa mashine ya kusaga unga, isipokuwa huu unashikwa na shinikizo la mafuta. Shinikizo likishuka, mkanda unateleza. Ukiteleza, unakwangua puli, na chuma kilichokwanguliwa kinazunguka na mafuta kwenda kuziba valvu, shinikizo linashuka zaidi. Ndiyo sababu ikianza kuumwa haichukui muda.

Adui wake ni joto. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Dereva anafidia kwa kukanyaga zaidi. Weka watu saba ndani, weka mlima, weka foleni ya kusogea hatua mbili na kusimama, na upepo wa kupoza hakuna. Hapo mafuta yanachemka wakati sindano ya joto la injini haijasogea hata kidogo, kwa sababu ile haipimi bwate.

Na wala si maneno ya wivu kusema CVT za kipindi kile zilikuwa na shida. Nissan yenyewe kule Marekani ilirefusha garanti ya CVT za magari yake ya 2003 mpaka 2010 hadi miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haitoi zawadi kama hiyo bila sababu.

Baba Mapacha, Panzi

Mimi ninayo T31, esansi, CVT, na siiuzi. Iliingia kupitia Dar, maandishi yote ya Kijapani, redio mpaka leo inanisalimia kwa lugha nisiyoijua.

Mjini haikuwahi kunisumbua. Siku tuliyotoka Uvira, tumejaza watu na magunia ya mchele wa bondeni, tulipoanza kupanda mlima wa Ngomo, gari ikaisha nguvu. Nakanyaga, injini inalia, mwendo hauongezeki. Hakuna taa, hakuna moshi. Malori yanatupita, na unajua lori likikupita Ngomo ni aibu. Nikasimama pahali palipopanuka, tukashuka, abiria wakaanza kuomba. Tulipokaa vya kutosha, ikapoa, ikaondoka kama hakuna kilichotokea.

Fundi wangu alieleza kwamba hiyo ni kinga: kompyuta ikiona mafuta ya bwate yamepata moto kupita kiasi, inapunguza nguvu ili mkanda usiungue. Kwa hiyo gari iliyoishiwa nguvu mlimani si lazima iwe mbovu. Inaomba ipumzike, na ukiikataa ndipo unaiua.

Tulifanya mambo mawili. Tulifunga radiateri ndogo ya mafuta ya bwate mbele, yenye feni yake, dola 180 na kazi. Na mafuta yakabadilishwa, NS-2 halisi, yale ya Nissan ya CVT, si kitu kingine. Ni ghali, usitegemee kuyakuta kila duka, mimi naagiza. Tangu hapo napanda Ngomo bila kusimama. Nikishuka naweka L, ile ya mwendo wa chini, injini inashika gari, breki zinabaki baridi.

Shangazi wa Kadutu

Nyinyi mnasimulia waliopona. Acheni nami nisimulie marehemu.

Nissan Dualis, CVT. Nilimpa mdogo wangu aipeleke "servisi". Garaji ikamwaga mafuta ya bwate na kuweka yale mekundu ya otomatiki za kawaida, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo kwenye dramu. Dumu la CVT lilikuwa limekaa kwenye buti, tumelinunua, halijafunguliwa! Wakamrudishia nalo na wakampongeza kwa kuokoa mafuta.

Ikaanza na sauti ya kulia, nyembamba, inapanda na mwendo. Halafu mtetemo ukiondoka kwenye kituo. Halafu siku moja kwenye mlima wa soko ikakataa kwenda mbele, ikakubali kurudi nyuma tu. Nilipanda Kadutu kwa rivasi, wanangu. Watoto wa mtaa wakanisindikiza wakiimba.

Fundi mwingine alifungua karteri (bakuli la mafuta chini ya bwate) mbele yangu. Akapangusa ile sumaku ya chini kwa kitambaa cheupe, akakitandaza kwenye bati la gari. Kulikuwa na vipande vinavyong'aa, vingine vya kumchoma mtu kidole. Akasema unga wa kijivu, laini, ni kawaida, kila bwate inao. Vipande vya namna ile ni puli na mkanda wenyewe vinavyojimaliza.

Niliiuza kwa vipande. Injini ilikuwa nzima kabisa, ndiyo iliyoniuma.

Mtu wa Himbi, Goma

Huku kwetu Goma bwate haziuliwi na mlima, zinauliwa na jiwe. Mawe ya volkano yanakata kama... basi, mnayajua. Nilitoka Sake usiku, jiwe likagonga karteri ya bwate chini, sikusikia kitu kwa sababu ya mvua. Mafuta yakaisha njiani, gari ikasimama.

Hasara kubwa ikaja baada ya hapo. Wasamaria wema walifunga kamba, wakanivuta mpaka Goma, injini imezimwa, magurudumu yote manne chini. Katika otomatiki nyingi pampu ya mafuta inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Na yangu ilikuwa na mafuta karibu sifuri tangu mwanzo. Karteri ingegharimu dola 80 na kuchomea. Nililipa 900 kwa bwate.

Siku hizi nina bamba la chuma chini, limetengenezwa na wachomeaji wa Birere, lina matundu ya hewa. Na kwa otomatiki ya 4x4, kama imekufa njiani, ipakie juu ya gari lingine. Ukikosa, lala hapo ukisubiri.

Kijana wa Dukani, Ibanda

Nunueni manyueli, tumalize mada.

Shangazi wa Kadutu

Wewe huna hata piki. Nyamaza.

Mama Likasi, Lubumbashi

Naomba nami nichangie kutoka kusini. Nissan Pathfinder ya 2006, imetoka Marekani. Hiyo bwate ni nzuri, ya gia tano. Inayoiua ni radiateri.

Katika hizo, bomba la kupoza mafuta ya bwate linapita ndani ya radiateri ya maji. Ukuta wa ndani ukitoboka, maji na mafuta yanachanganyika. Mimi nilianza kuona gari inatetema njia ya Likasi, mwendo wa 70 hivi. Tukafungua kifuniko cha radiateri ikiwa imepoa: ndani kuna kitu cha rangi ya waridi, kizito, kinashikamana na kidole. Fundi alivuta kijiti cha bwate, nacho kikatoka na rangi ileile.

Nissan Marekani ilirefusha garanti ya radiateri hizo, za 2005 mpaka 2010, hadi miaka 8 au maili 80,000. Kwetu huku garanti hiyo ni hadithi. Ikifika hatua ya kuchanganyika hivyo, bwate huwa imeshakunywa maji na kuosha peke yake mara nyingi haitoshi, yangu haikupona. Shemeji yangu ana gari hiyohiyo. Alibadilisha radiateri mapema, gari ikiwa nzima, na kuweka kipoza mafuta cha pembeni. Yake inakwenda Kolwezi na kurudi.

Mwalimu wa Mbobero

Swali kwa Fundi: kuna wanaosema gari ya zamani usibadilishe mafuta ya bwate kabisa, ukibadilisha inakufa. Je, ni kweli?

Fundi Mstaafu

Inayokufa baada ya kubadilishiwa mara nyingi ilikuwa imeshakufa. Klachi za ndani zimekwisha, na ule uchafu mzito wa mafuta ya zamani ndio uliokuwa unazisaidia kushikana. Kwa gari usiyojua historia yake, sikubali mashine ya kusukuma mafuta yote kwa nguvu. Fungua, acha yanayotoka yenyewe yatoke, safisha karteri na sumaku, jaza kiasi kilekile, tembea, rudia baadaye.

Mzee wa Nguba

Nimesoma yote, na mama watoto amesoma pia (Shangazi, amecheka hiyo rivasi mpaka akalia). Jumamosi tunakwenda kuangalia T31 ya 2010, esansi, Labotte. Muuzaji anasema "bwate mpya". Nianzie wapi?

Fundi Mstaafu

Bwate mpya hapa kwetu maana yake okazyoni iliyosafishwa nje. Omba karatasi.

Mpigie simu umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kaa hapo mpaka ipoe, kwa sababu ugonjwa wa asubuhi anataka kukuficha. Ikishawashwa, weka D huku umekanyaga breki: isichelewe kushika, isigonge. Kisha R, vivyo hivyo. Baada ya hapo usizunguke tambarare na muuzaji. Panda na watu ndani, simama katikati ya mlima, ondoka taratibu, urudie mpaka ipate moto kweli. Sikiliza mlio mwembamba, angalia kama injini inakimbia wakati gari haiendi.

Nenda na mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta inayoelewa Nissan. Asiishie kwenye kodi (namba) za makosa, maana hizo zinafutwa kwa dakika moja. Aangalie namba ya uchakavu wa mafuta ya CVT. Kitabu cha Nissan kinasema ikifika 210,000 mafuta yabadilishwe. Ukikuta sifuri kwenye gari ya 2010, muulize muuzaji nani aliirudisha na lini, na chupa za NS-2 ziko wapi.

Baba Mapacha, Panzi

Mzee, Jumamosi mashine ya kusomea nitakuletea mimi. Saa tatu asubuhi niko Labotte. Esansi ya kupandia mlima ni juu yako.