Dawa ya mbu ya kujipaka, nguo zenye dawa au chandarua: kipi kinafaa kwa kazi ya kwenye ardhi oevu?

MlindaMatete

Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha kujitolea kinahesabu ndege wa majini. Tunaingia kwenye matete saa 11 alfajiri, jua likipanda tunatoka, jioni tunarudi hadi giza liingie, na usiku tunalala kwenye mahema hukohuko. Msimu uliopita wenzangu wawili waliugua malaria baada ya kambi, na mimi ndiye niliyewaambia "vaeni tu mikono mirefu". Jambo hilo bado linaniuma.

Safari hii sitaki kubahatisha. Fedha ya kikundi inatosha vitu viwili, labda vitatu kwa kila mtu. Ninachagua kati ya dawa za kujipaka (DEET, ikaridini, ile ya mkaratusi-limau), nguo zilizotiwa permethrini, dawa za kuchoma na chandarua cha kulalia. Mwenzetu mmoja ni mjamzito. Naomba mnilinganishie.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana ndugu yangu, usijibebeshe mzigo wote peke yako.

Anza na saa kabla ya kuanza na dawa. Mbu aina ya Anopheles, anayeeneza malaria, huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Aedes, wa dengue na chikungunya, huuma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea jioni. Culex ni wa usiku. Ratiba yako inawapitia wote watatu. Chandarua chenye dawa ni cha lazima, ila kinakulinda ukiwa umelala tu. Pale alfajiri kwenye matete hakipo.

Kwa ngozi, DEET ndiyo iliyotumika muda mrefu kuliko zote: ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1944, raia wakaanza kuipata 1957. Watu wengi hudhani asilimia kubwa ni ukali zaidi. Asilimia inaongeza muda: ya 10% hukupa kama saa 2, ya 30% kama saa 5, na ukivuka 50% huongezi chochote cha maana. Ikaridini ya 20% inalingana nayo vizuri tu. Mkipaka na mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie, dawa ya mbu ije juu yake.

Huyo mama mjamzito asiogope. DEET na ikaridini zote anaweza kuzitumia kwa kufuata maelezo ya kwenye chupa, tena yeye ndiye anayezihitaji kuliko nyinyi wote. Mjamzito hutoa pumzi nyingi zaidi na mwili wake una joto zaidi, kwa hiyo mbu humfuata kuliko wengine, na malaria kwenye mimba ni hatari kwake na kwa mtoto. Kabla ya safari apite kliniki azungumze nao kuhusu kinga.

Darubini_Mkononi

Nakubaliana na Nesi, lakini kwa watu wa ndege kuna jambo linaloamua. DEET huyeyusha plastiki na baadhi ya vitambaa visivyo vya pamba. Mimi iliniharibia mpira wa darubini na kioo cha saa, ikawa inanata kama gundi. Ikaridini haifanyi hivyo, na harufu yake ni ndogo. Kwa mtu anayeshika vifaa kutwa nzima, nachagua ikaridini bila kusita.

Halafu acheni suruali za kubana. Mbu hupitisha mrija wake kwenye kitambaa kilichoshika ngozi. Vaeni nguo pana za rangi nyepesi, suruali iingizwe ndani ya soksi.

Baba_Mapacha

Mkuu, mbona mnaruka vitu vya asili? Nyumbani kwangu tunapaka mafuta ya mchaichai, watoto wana miaka 2, na tunaendelea vizuri. Sipendi kuwapaka kemikali watoto.

Nesi_wa_Zamu

Nakuelewa kaka, ni hofu ya mzazi yeyote. Mafuta ya mchaichai yanafukuza mbu kweli, ila huruka haraka: baada ya muda mfupi harufu bado unaisikia, kinga imeshapungua. Mzazi anabaki na imani wakati mtoto anaumwa na mbu.

Ile dawa ya mkaratusi-limau ni kitu kingine. Kiini chake huitwa PMD, kimepimwa na kinafanya kazi kwa saa kadhaa. Si sawa na mafuta ya mkaratusi ya kawaida ya kwenye kichupa kidogo. Hata hivyo haishauriwi kwa mtoto chini ya miaka 3, kwa hiyo kwa mapacha wako bado. DEET huruhusiwa kuanzia miezi 2, ukiipaka wewe kwa mkono wako, na viganja vya mtoto usiviguse kwa sababu vinaingia mdomoni.

Fundi_Hema

Naongeza upande wa nguo. Permethrini ya 0.5% ni ya kitambaa, kamwe si ya ngozi. Unapulizia shati, suruali, soksi na hema kwa nje, unaanika hadi vikauke kabisa, ndipo unavaa. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukumbuka kupaka tena kila baada ya saa chache, na mtu aliyechoka husahau. Ila haifuniki uso, shingo wala mikono, kwa hiyo inakwenda pamoja na dawa ya ngozi. Pia kuna mahali mbu wameshazoea jamii hii ya dawa, ndiyo maana sasa kuna vyandarua vyenye dawa mbili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilivipendekeza vile ambavyo dawa yake ya pili ni klofenapiri.

Onyo, na hili nalisisitiza kwa moyo wote: permethrini inaua samaki na wadudu wa majini, na ikiwa bado mbichi inaweza kumuua paka. Msifue nguo hizo wala vyandarua kwenye maji mnayokwenda kuyahesabia ndege.

Jirani_wa_Bwawa

Samahani wakuu, nauliza kwa nia njema. Mimi ninaishi karibu na kinamasi. Mbona tunahangaika na chupa badala ya kukausha chanzo? Au kutia samaki wala mbu?

Kerengende

Swali zuri, wengi wanalo. Naomba nilijibu kwa kirefu kwa sababu limeua vinamasi vingi.

Kinamasi chenye afya kina walaji. Watoto wa kereng'ende wanaishi chini ya maji miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, na kazi yao ni kula viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wa majini. Kuna mende wa maji, kuna samaki wadogo. Kiluwiluwi anahitaji kama wiki moja hadi mbili tu kuwa mbu, kwa hiyo anapenda maji yasiyokuwa na adui: dimbwi la mvua, alama ya gurudumu, ndoo, tairi. Ukikausha kinamasi nusunusu unamtengenezea hayo madimbwi, na walaji umewafukuza. Aedes ndiye hasa wa ndoo na matairi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, maji yakirudi yanaanguliwa.

Sisemi kinamasi hakina mbu. Mansonia, kwa mfano, viluwiluwi wake hawaji juu kuvuta hewa. Hutoboa mizizi ya magugu maji na kupumulia humo. Kwa huyo, kuondoa magugu yaliyovamia kunasaidia kweli.

Samaki anayeitwa gambusia amesambazwa nchi nyingi kwa ahadi hiyohiyo, akaishia kula mayai na watoto wa samaki na vyura wenyeji. Usimwachie kwenye maji ya asili. Kama panahitajika dawa ya maji, kuna Bti, bakteria aliyegunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev, anayeua viluwiluwi wakimla. Hata huyo, kwenye ardhi oevu aachiwe wataalamu, maana kipimo kikizidi hugusa hata vimbu wasiouma ambao ndege wanawala.

Jirani_wa_Bwawa

Nashukuru sana, sikujua habari ya mende na kereng'ende. Nina matairi manne nyuma ya nyumba. Leo naanza na hayo.

Taa_ya_Buluu

Na zile taa zinazoua wadudu kwa umeme? Na programu za simu zenye mlio wa kufukuza mbu?

Darubini_Mkononi

Milio haijathibitika kupunguza hata kuumwa kumoja, weka simu mfukoni. Kuhusu taa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware walihesabu mwaka 1996: kati ya wadudu 13,789 waliouawa, wanaouma walikuwa 31 tu. Waliobaki ni chakula cha popo na ndege. Dawa ya kuchoma ya mviringo hupunguza mbu ikiwa nje karibu nawe, lakini ndani ya hema usithubutu. Watafiti waliipima na kukuta koili moja hutoa vumbi laini la moshi sawa na la sigara 75 hadi 137.

MlindaMatete

Nimesoma yote mara mbili, asanteni mno. Tumeamua hivi: ikaridini ya 20% kwa kila mtu, nguo tutazitia permethrini siku 3 kabla tukiwa bado mjini, na chandarua chenye dawa kila hema. Mama mjamzito atahesabu kuanzia saa 3 asubuhi, akae pale penye upepo. Dawa za kuchoma nimezifuta kwenye orodha.

Kerengende, baada ya kukusoma nilikwenda kuangalia turubai tuliloliacha kambini tangu msimu uliopita. Kwenye mikunjo kulikuwa na maji, na viluwiluwi wamejaa wakining'inia kichwa chini. Tumelala hatua kumi kutoka hapo.

Kerengende

Wanaoning'inia hivyo ni Culex au Aedes. Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Mwaga kwenye mchanga mkavu, sugua mikunjo ili mayai yatoke, kisha ulikunje likiwa kavu.

Nesi_wa_Zamu

Na mkirudi, yeyote atakayepata homa ndani ya wiki chache, hata ikiwa ndogo, akapime siku hiyohiyo na aseme alikuwa kambini.