Uliwahi kushtakiwa kwa kukimbia eneo la ajali? Tupeane uzoefu, ulijiteteaje na kesi ikaishaje

Kaka wa Kibaha

Wakuu habari za mchana. Nimefungua huu uzi sababu kuna jambo limetukuta kwenye familia na kila ninayemuuliza ana la kwake, mara ni faini tu, mara jela hiyo, mara muone mpelelezi yaishe.

Mdogo wangu anaendesha Fuso, anabeba mbao kutoka Mafinga kuja Dar. Usiku akiwa ameshapita Chalinze bodaboda isiyo na taa ikatokea barabara ya vumbi ikaingia lami, wakagongana. Akasimama, akashuka kabisa na tochi ya simu kumuangalia yule kijana. Haikuchukua muda watu wakajaa, mmoja kashika tofali, mwingine anauliza nani ana kiberiti, utingo akampigia kelele panda gari panda gari watatuchoma. Akapanda, akaondoka mpaka kituo cha polisi cha mbele, akaingia kaunta mwenyewe akasema nimegonga mtu sehemu fulani tumeni gari haraka. Kijana alivunjika mguu, yuko hai tunamshukuru Mungu na tumeshaenda kumuona hospitali.

Sasa hati ya mashtaka ina makosa mawili, kuendesha kwa hatari na kusababisha majeraha, alafu kushindwa kusimama baada ya ajali. Hili la pili ndo linaniuma kwakweli. Mtu aliyejipeleka polisi kwa miguu yake anakimbia nini? Waliowahi kupitia hii naomba mseme kilichowasaidia, hata kama ulipoteza kesi sema tu.

Semi ya Tunduma

Pole sana mkuu. Mimi yangu ilikuwa tofauti kidogo, mimi sikujua kabisa kama nimegonga. Nimepiga gia mpaka mizani ya Mikese, nimepima, nimechukua karatasi yangu nasubiri kutoka, naona trafiki anazunguka tela na tochi anaangalia matairi ya nyuma. Ananiuliza umetoka wapi, namwambia Mbeya, ananiambia wewe umemgonga mwenye pikapu huko nyuma ukakimbia. Nikaenda kuangalia, kweli kuna mkwaruzo kwenye chuma cha ubavuni mwa tela, karibu na ekseli ya mwisho, na rangi nyeupe imebaki pale kama kiganja hivi.

Jamani anayeendesha semi anajua. Una tani karibu thelathini mgongoni, redio, injini, barabara ina matuta, kioo cha nyuma usiku unaona taa tu, tela likikwaruza kitu kidogo kule mwisho huku mbele husikii chochote. Kilichonisaidia ni vitu viwili. Kwanza ile karatasi ya mizani ina muda, na kifaa cha GPS cha tajiri kinaonyesha gari lilitembea mwendo ule ule kabla na baada ya pale, halikuongeza spidi. Mtu anayekimbia anakanyaga mafuta. Pili mkaguzi wa magari aliandika kwenye ripoti yake kwamba mkwaruzo uko nyuma kabisa, wakili akamshikilia hapo hapo mahakamani, akamuuliza dereva akiwa kwenye kiti anaweza kusikia huo mguso, akajibu ni vigumu. Kosa la kutosimama lilidondoka. Lile la uzembe nilikutwa na hatia nikalipa faini.

Wakili wa Wilayani

Nashukuru umelielezea vizuri ndugu Semi, naomba niongezee sababu hapa ndipo madereva wengi wanaumia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame na ajali itolewe taarifa polisi. Hayo ni makosa yanayosimama peke yake. Unaweza kabisa usiwe na hatia ya kusababisha ajali ukatiwa hatiani kwa kutosimama, na kinyume chake pia. Kwa hiyo wewe Kaka wa Kibaha usikubali mtu akwambie hayo mawili yanaenda pamoja. Kila kosa upande wa mashtaka wanatakiwa kulithibitisha bila kuacha shaka, mdogo wako hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia.

Hili la kutojua kama umegonga lina historia. Kuna kesi ya Uingereza ya 1948, Harding v Price, dereva wa gari la kuvuta tela alikwaruza gari lililopaki, kelele ya gari lake ikamfanya asisikie, akashtakiwa kwa kutotoa taarifa. Mahakama ya juu ikafuta hatia, kwamba huwezi kumlaumu mtu kwa kutoripoti jambo asilolijua. Mahakama zetu hazifungwi na kesi hiyo ila ni hoja inayoweza kuwashawishi, hasa ikiegemea ushahidi kama ule wa mizani. Na Kanuni ya Adhabu yetu nayo inamtambua mtu aliyetenda kwa kuamini kwa dhati na kwa sababu za msingi hali fulani, hata kama alikosea.

Kwa mdogo wako hoja ni nyingine. Yeye alijua, na alisimama. Hapo swali ni kwa nini aliondoka na alienda wapi. Nendeni mkatafute kumbukumbu ya kile kituo alichoingia, kitabu cha taarifa kina namba na saa. Ile saa ndo roho ya utetezi wake. Mkipata na utingo akatoa ushahidi, na kama kuna yeyote wa pale aliyeona watu wameshika mawe, picha inabadilika kabisa.

Alafu maelezo ya onyo, yale anayoandikiwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa. Sheria inampa polisi muda wa mwanzo wa saa 4 kumhoji aliyekamatwa, ukihitajika zaidi unaongezwa kwa utaratibu. Mtuhumiwa ana haki ya wakili au ndugu awepo, na maelezo yakishaandikwa anatakiwa asomewe, aulizwe kama ana cha kurekebisha au kuongeza. Nimeona maelezo yameandikwa "nilikimbia" wakati dereva alisema "niliondoka kwenda polisi". Ukishaweka sahihi hilo neno moja linakufuata mpaka hukumu. Soma. Kama hujui kusoma vizuri ng'ang'ania usomewe taratibu mbele ya ndugu yako.

Mama Wawili Mwanza

Mimi nilishtakiwa kwa kukimbia wakati nimembeba majeruhi kwenye gari langu mwenyewe, yaani hii dunia.

Bodaboda iliniparamia ubavuni nikiwa nakata kona kuingia kwetu, abiria wake akaanguka akapasuka kichwa. Damu zinatoka, watu wamesimama wanapiga picha, hakuna hata mmoja anayeshika. Nikamfunga kanga kichwani, nikamlaza siti ya nyuma tukaenda hospitali. Huku nyuma mwenye pikipiki akaita trafiki, trafiki anafika gari halipo, imeandikwa dereva alikimbia. Ramani ya ajali ikachorwa mimi sipo, ikachorwa kwa maneno ya upande mmoja.

Hospitali nikaambiwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, nikaenda kituoni kuichukua na hapo hapo ndo nikawekwa chini ya ulinzi. Wakili alifanya jambo moja tu la maana sana, aliomba kumbukumbu za mapokezi ya hospitali. Kwenye daftari nesi aliandika saa na aliandika "ameletwa na dereva wa gari". Na yule majeruhi mwenyewe Mungu ambariki alikuja akasema huyu mama ndiye aliyenipeleka. Mwendesha mashtaka aliondoa lile kosa kabla hata sijaanza kujitetea. Dada zangu ukimpeleka mtu hospitali hakikisha jina lako na saa vimeandikwa, na mpigie mtu akae pale eneo la ajali akiweza.

Mwana wa Changamwe

Mie niko Mombasa, nawasomea hapa. Kwetu Kenya ni Sheria ya Trafiki Sura ya 403, kifungu cha 73. Wapaswa usimame, utoe jina na anwani yako na ya mwenye gari, na kama haukutoa kwa sababu yoyote ile basi uende ukaripoti polisi mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Sasa hiyo ndiyo iliniokoa mie. Matatu yangu iligusa tuktuk, vijana wakaja na marungu, nikatoka. Sikulala, usiku ule ule nikaenda stesheni ya polisi nikaandikiwa kwa OB, kile kitabu cha matukio. Mwenye tuktuk alipokuja asubuhi kushtaki nimekimbia, ofisa akafungua kitabu akaniona mie nimetangulia. Ile namba ya OB iandike kwa karatasi na uipige picha.

Na bondi ya polisi haina pesa. Katiba ya 2010 kifungu cha 49 yakupa haki ya kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kotini ndani ya saa 24. Wengi wapelekwa asubuhi wakakubali mashtaka haraka haraka waende kazini, kisha leseni yaingia shida ndipo walia.

Dada wa Marehemu

Nimesoma zote nimenyamaza ila naomba na mimi niseme. Kaka yangu aligongwa usiku akaachwa pembeni ya barabara mpaka alfajiri. Daktari alituambia damu ndo ilimmaliza. Aliyemgonga hakupatikana mpaka leo. Kwa hiyo mnapopeana mbinu hapa kumbukeni kuna watu kama sisi. Nawaelewa mnaoogopa kuchomwa moto, naelewa kabisa, na hao wananchi wenye hasira kali nao wanaua watu wasio na hatia. Lakini aliyeenda polisi na aliyeenda nyumbani kulala msiwaweke kapu moja.

Wakili wa Wilayani

Pole sana dada yangu, na umesema kweli tupu. Mimi mteja akinijia amejificha, ushauri wangu wa kwanza ni twende kituoni leo, mimi na wewe. Kadri anavyochelewa ndivyo anavyojichimbia, na huku mtu anaweza kuwa bado anahitaji msaada.

Kaka wa Kibaha

Dada pole, Mungu amrehemu. Nimekuelewa.

Wakuu nimepata mwanga. Kesho naenda kile kituo kuulizia kumbukumbu. Maswali mawili, familia ya majeruhi wanataka tuyamalize kwa kuandikishana wametaja na hela, je kesi inaisha? Na Fuso limeshikiliwa kituoni kama kielelezo, tajiri analia kila siku.

Wakili wa Wilayani

Kuandikishana hakufuti kesi, mlalamikaji ni Jamhuri. Kunaweza kusaidia kwenye adhabu na kwenye kupunguza uhasama, ila msiandike kitu kinachosema mdogo wako amekubali kosa, na kabla ya kutoa hata shilingi tajiri atoe taarifa kwa kampuni ya bima, maana hata bima ndogo ipo kwa ajili ya huyo mtu wa tatu aliyeumia. Matibabu mnaweza kusaidia kama ubinadamu, tunzeni risiti.

Gari, likishakaguliwa na kupigwa picha mwenye gari aombe lirudishwe kwa masharti, polisi wakikataa ombi lipelekwe mahakamani kesi inapotajwa. Aje na kadi ya gari. Na dhamana makosa haya yanayo, wadhamini waje na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, wasiokuwa nayo huwa wanarudishwa na dereva analala tena ndani bure.

Semi ya Tunduma

Na barua iwe na muhuri na picha ya mdhamini imegongwa muhuri juu yake, mdhamini wangu mmoja alirudishwa kwa hilo tu.