Chombo kimepata otopailoti, rubani wangu hana kazi. Nyie mnatumia sheria gani?

Msimamizi_Tabata

Habari zenu wakuu. Nasimamia Traveller, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wanaosafiri angani, kwa wachezaji wanne, Jumamosi jioni, hapa Tabata. Wana chombo kidogo cha mizigo na deni la benki linalowakimbiza nyota hadi nyota. Baada ya mzigo mmoja kulipa vizuri walinunua programu ya kujiendesha (otopailoti), programu ya kulenga mizinga na roboti wa matengenezo. Kwa wahusika ni uamuzi wa busara kabisa, kwani mshahara usiolipwa unapunguza deni. Mezani lakini mchezo umelala. Rubani alimtengeneza mhusika wake kwa mihula mitatu ya miaka 4 jeshini, ana ujuzi wa 2, na sasa kila nikisema tunatua, jibu ni "mashine itue". Mpiga mizinga anachezea simu.

Sitaki kuwanyang'anya walichonunua kihalali. Sitaki pia mashine ziharibike kila wiki kwa sababu tu mimi nimezichoka. Wachezaji hawa wananijua, wataona mara moja. Na kurusha dadu kwa niaba ya mashine kunaniudhi kuliko yote: narusha mwenyewe, najijibu mwenyewe, watu wanne wananitazama. Nataka mashine iwe mashine kweli na watu wabaki na kazi. Mnafanyaje?

Dadu_Mbili

Mkuu, mashine usiirushie dadu kwa kazi ya kawaida. Ifaulu tu. Piga hesabu: kufaulu ni kupata 8 au zaidi kwa dadu mbili, yaani michanganyiko 15 kati ya 36. Mwenye ujuzi wa 2 anaongeza 2 kwenye dadu, kwa hiyo ana 26 kati ya 36, maana yake bado anakosa zaidi ya mara moja katika kila nne. Otopailoti ya namna hiyo nani ataiuza? Dadu ziwe za dhoruba, risasi na bandari isiyo na taa, na hapo arushe binadamu.

FundiWaZamu

Mimi ni fundi wa injini kwenye meli za mizigo, kwetu Mombasa, na swali hili ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo mniruhusu nirefushe.

Meli nyingi siku hizi chumba cha injini hakina mtu usiku. Jioni tunakagua, tunafunga, fundi wa zamu anakwenda kulala. Kengele zinamfuata chumbani kwake. Joto la maji ya kupoza likipanda, au maji yakikusanyika chini ya mashine, anaamshwa. Asipoitikia, wanaamshwa wengine. Sasa sikilizeni: mashine haijui kwa nini joto limepanda. Inajua namba imevuka mpaka, basi. Bomba limepasuka, chujio la maji ya bahari limeziba, au sensa imekufa, kengele ni ile ile. Lazima mtu ashuke akaangalie.

Huko juu kwa nahodha ni vivyo hivyo. Otopailoti inashika uelekeo. Mashua ya mvuvi isiyo na taa haiijui. Ndiyo maana Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, inataka mtu wa kutazama na kusikiliza wakati wote. Kuna hata kifaa cha kumchunga ofisa wa zamu: asipokigusa ndani ya muda uliowekwa, kati ya dakika 3 na 12, taa inamwakia, kisha inalia kengele, na akizidi kunyamaza anaitwa nahodha au ofisa mwingine.

Nikisimamia mchezo nafanya hivi. Mchezaji anaiandikia mashine amri kwenye karatasi, kwa maneno yake, kabla ya safari. Mashine inaifuata amri hiyo bila dadu na bila kosa. Pembeni anaandika mipaka: ukivukwa upi, kengele ilie. Kengele inapolia nawaambia dalili tu. Sababu inatafutwa na mwenye ujuzi, hapo ndipo dadu zinaporushwa, na chombo kinaendelea na amri ile ile wakati wanatafuta.

Kwa mfano rubani wako ameandika "usikaribie chombo chochote chini ya kilomita 50". Mbele kuna kidonge cha uokoaji kinaelea, ndani kuna watu wanaishiwa hewa. Otopailoti itakikwepa vizuri sana. Hakuna kilichoharibika, hukumbana mtu, na rubani ameshasimama.

Mwanafunzi_Eldoret

Kwa mpiga mizinga, rudini kwenye sheria za zamani za mchezo huo huo. Kompyuta ya Modeli 1 ilikuwa na nafasi 2 za kuendeshea programu na 4 za kuhifadhi. Kulenga, kukwepa, kujibu mapigo, kila programu ilidai nafasi yake. Ujuzi wa mpiga mizinga wenyewe haukuhesabiwa mpaka programu ya kumuunganisha na kompyuta iwe inaendeshwa. Mwachieni yeye achague kipi kiingie na kipi kitoke kila raundi, simu ataiweka chini.

Msimamizi_Tabata

Nashukuru sana, wote. Karatasi ya amri naanza nayo Jumamosi, na kidonge cha uokoaji nakichukua kama kilivyo. Fundi, swali moja: rubani akitaka usukani kutoka kwa mashine, anakosa raundi?

FundiWaZamu

Kuuchukua ni kubonyeza kitufe, hakuna dadu. Kinachochukua muda ni kuelewa chombo kinafanya nini wakati huo. Kama alikuwa kitini anatazama, achukue bure. Kama alikuwa kalala, raundi ya kwanza mpunguzie 2 kwenye dadu. Na mwulize kabla kengele haijalia: uko wapi?