Tupeane uzoefu: promti ya teminali iliyokutesa mpaka ukaiweka sawa

KibodiKavu
Wakuu, jana jioni nilikuwa namsaidia mdogo wangu anayejifunza programu. Kafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, tukakaa tunaitazama: moja, mbili, tatu, ndipo mshale ukatokea. Nikakumbuka mateso yangu ya 2021.

Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, RAM 4GB, Ubuntu. Niliweka Zsh (sheli, yaani programu inayopokea amri zako), juu yake Oh My Zsh ya kusimamia mada na plagini zake, plagini kama kumi na tano nilizoziona kwenye video za watu, na promti, yale maandishi yanayokaa kabla ya mahali pa kuandika amri, yenye kila kitu: saa, betri, tawi la git (kitunza matoleo ya kodi), toleo la Node, toleo la Python. Ilipendeza kweli. Lakini ndani ya repo ya kazini, yaani folda ya mradi inayofuatiliwa na git, kila nikibonyeza Enter nasubiri karibu sekunde mbili, kwa sababu promti ilikuwa inaendesha `git status` upya kila mara kabla ya kunirudishia mshale. Nilifika mahali siingii kabisa kwenye folda ile, natoa amri nikiwa nje.

Kilichoniokoa ni Powerlevel10k, mada ya promti kwa Zsh. Unaandika `p10k configure`, inakuuliza maswali kama "unaona almasi hapa?", "unaona kufuli?", kisha inakuandikia yenyewe faili la `.p10k.zsh`. Kazi ya git inaikabidhi kwa programu ndogo iitwayo gitstatus inayokaa nyuma muda wote. Repo ikiwa kubwa mno, mshale unakuja kwanza, habari za tawi zinafuata.

Yako ilikutesa vipi?

Pwani_Dev
Almasi na kufuli! Umenikumbusha mbali sana.

Binti_Seva
Mimi hiyo almasi sikuiona kwa siku mbili nzima. Niliona viboksi tu. Natumia Windows, Ubuntu ipo ndani ya WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Nikasoma kwamba inatakiwa fonti ya MesloLGS NF, nikapakua mafaili yote manne, nikayaweka kwenye folda ya fonti ndani ya Ubuntu, nikaandika `fc-cache` ili Ubuntu izitambue, nikazima, nikawasha. Viboksi. Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Viboksi.

Hakuna aliyeniambia kwamba herufi za kwenye dirisha zinachorwa na Windows, siyo na Ubuntu. Fonti inatakiwa iwekwe upande wa Windows, halafu uichague kwenye mipangilio ya teminali yenyewe. Nikafanya hivyo, almasi ikatokea, nikashangilia peke yangu chumbani. Kesho yake nafungua teminali ya ndani ya VS Code, kihariri changu cha kodi: viboksi tena! Kumbe nayo ina mahali pake, `terminal.integrated.fontFamily`. Anayeanza leo aanze na fonti kabla ya kugusa kingine chochote.

mzeewabash
Haya yote mnayataka ya nini? Sheli ya Bash ipo tangu 1989, promti unaipanga kwa PS1, mstari mmoja, inafunguka kabla hujapepesa jicho. Mtumiaji, jina la mashine, folda. Basi.

Kutu_Nyekundu
Mzee, heshima yako, lakini mimi nafanya kazi mashine tatu: moja ina Bash, moja Zsh, ya ofisini ina PowerShell. Starship ni promti ya sheli zote hizo, mipangilio ni faili moja, `starship.toml`, promti ni ileile kote. Na hiyo Powerlevel10k, mtengenezaji wake ameshaandika wazi kwamba hakuna vipya vinavyokuja na hitilafu nyingi hazitarekebishwa. Kwa nini umwelekeze mwanafunzi huko?

KibodiKavu
Kwa sababu inafanya kazi, mkuu. Kitu kikikamilika hakihitaji kuguswa kila wiki. Na Starship yako kila Enter inaanzisha programu upya kutoka mwanzo. Kwenye laptopu ya 4GB hilo unalihisi.

Kutu_Nyekundu
Nimepima, sihisi. Ukiona inachelewa andika `starship timings`, itakuonyesha kipande gani kinakula muda, unakizima. Wengi wanailaumu Starship kumbe wameiacha itafute matoleo ya lugha kumi ambazo hawajawahi kuziandika.

mzeewabash
Yaani mmeweka kitu, kisha mmeweka kitu cha kupima kitu. PS1.

Pwani_Dev
Mzee, PS1 nayo ilinitesa. Nilipaka rangi, nikiandika amri ndefu ikifika mwisho wa skrini inarudi mwanzo wa mstari uleule na kulalia maandishi. Nilidhani kibodi imekufa.

mzeewabash
Hukufunga rangi zako ndani ya `\[` na `\]`. Bash inazihesabu kama herufi zinazoonekana, hesabu ya upana inaharibika. Hilo nakubali limewasumbua wengi, hata mimi mwaka wa kwanza.

Mlinzi_wa_Usiku
Nimesoma huu uzi mara mbili kabla ya kuandika. Mimi yangu siyo ya viboksi.

Nilikuwa natunza mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Seva mbili: ya kazi na ya majaribio. Wakati ule nilikuwa napenda promti safi, folda na mshale, basi. Niliona jina la mashine linajaza skrini bure, nikaliondoa. Na kwa kuwa nilizoea yangu, nikanakili faili lilelile kwenye seva zote.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa mbili usiku. Nilitaka kuijaza upya seva ya majaribio kwa data mpya. Madirisha mawili wazi, yote yanasema `~ ❯`. Nikazima programu kwanza, kama inavyotakiwa. Nikaandika `dropdb mikopo`, amri ya kufuta hifadhidata. Jina la hifadhidata ni lilelile pande zote mbili, kwa sababu ya majaribio ni nakala. Ikarudi kimya. Simu ikaita: keshia wa tawi moja alikuwa bado anafunga hesabu. "Kaka, mfumo umeniondoa."

Niliandika `hostname`, inionyeshe jina la mashine. Nikasoma jina. Nikalisoma tena. Mikono ilikuwa ya baridi kama nimeishika barafu.

Kinachoniuma mpaka leo ni hiki: kama programu ingekuwa bado imeshikilia hifadhidata, Postgres, programu inayoitunza, ingekataa kuifuta. Ingeniambia kuna watu ndani. Lakini nilishaizima mwenyewe, kwenye dirisha lilelile. Mlango wa mwisho wa kunizuia niliufungua kwa mkono wangu.

Bakapu ilikuwa ya saa nane usiku uliopita. Siku nzima ya marejesho ya mikopo imepotea, na siku yenyewe mwisho wa mwezi. Nilimpigia meneja nikamwambia ukweli usiku uleule. Kesho yake makeshia wa matawi yote walikaa na vitabu vya risiti wakaingiza moja moja, na malipo ya simu tukayatoa kwenye taarifa za M-Pesa. Siku tatu. Mama mmoja keshia, mtu mzima, aliniletea chai bila kusema neno. Ile chai nilishindwa kuinywa.

Pwani_Dev
Nimesoma nimesimama.

Binti_Seva
Pole sana kaka. Pole kweli.

fundi_seva_tz
Pole, lakini kosa siyo promti. Mlikuwa mnahifadhi WAL, kumbukumbu ya kila badiliko la hifadhidata? Mngeirudisha hifadhidata hadi dakika moja kabla ya kufuta. Na kwa nini mtu mmoja awe na ruhusa ya kufuta hifadhidata ya kazi?

Mlinzi_wa_Usiku
Hatukuwa tunahifadhi. Sasa tunahifadhi. Na ruhusa tumezitenganisha. Hayo yote ni kweli mkuu. Lakini usiku ule kitu cha mwisho kilichokuwa mbele ya macho yangu kabla ya kubonyeza Enter kilikuwa promti, na nilikuwa nimeifuta jina.

Kutu_Nyekundu
Hapa naomba niseme kitu kwa upole. Starship yenyewe ukiingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH inaonyesha jina la mashine bila kuambiwa.

KibodiKavu
Powerlevel10k pia, kwa SSH na kwa root, mtumiaji mwenye ruhusa zote. Hapo hatugombani.

Pwani_Dev
Mimi natoka sasa hivi kwenda kupaka seva zote nyekundu.

fundi_seva_tz
Ukipaka zote, umerudi palepale. Nyekundu ni kwa seva ya kazi peke yake. Na mwenzangu mmoja hatofautishi nyekundu na kijani, kwa hiyo weka na neno.

mzeewabash
Mlinzi, weka mstari wako wa sasa watu waunakili.

Mlinzi_wa_Usiku
Kwenye seva ya kazi, Bash tupu, hakuna mada wala plagini, `\h` ndiyo jina la mashine:
`PS1='\[\e[41;97m\] KAZI \h \[\e[0m\] \w \$ '`

mzeewabash
Safi. Na amefunga rangi vizuri.

Nyota_ya_Kaskazini
Nami niongeze dogo. Nilibadilisha sheli ya seva kwa `chsh` kuwa Zsh, baada ya wiki nikaona sihitaji, nikaiondoa kwa `apt`, nikasahau kurudisha Bash. SSH ikawa inanikatalia nywila iliyo sahihi. Niliingia kwa konsoli ya mwenye seva, kwa root, ndipo logi ikaniambia `/usr/bin/zsh` haipo. Rudisha sheli kwanza, ndipo uondoe.

KibodiKavu
Nimerudi na laptopu ya mdogo wangu. Niliweka `zmodload zsh/zprof` juu kabisa ya `.zshrc` na `zprof` chini kabisa, ili nione nini kinakula muda. Promti haikuwa na kosa lolote. Muda mwingi ulikuwa unaliwa na nvm, kisimamizi cha matoleo ya Node, inayopakiwa yote kila dirisha likifunguka. Tumeifanya isubiri mpaka aandike `node`. Kutoka sekunde tatu mshale unakuja papo hapo. Bado anachagua kati ya Powerlevel10k na Starship, nimemwachia.

Kutu_Nyekundu
Mwambie Starship.

Binti_Seva
Mlinzi, zile risiti zilipatikana zote?

Mlinzi_wa_Usiku
Zilikosekana tatu. Wenyewe walikuja na meseji kwenye simu zao, tukaziandika.